Mchoro wa Shujaa Wako Mpelekee Shangazi Kwanza

Kaka yangu alikuwa na kibanda cha gemu Magomeni, hapa Mtwara mjini. Televisheni mbili za chogo, PlayStation 2 mbili, benchi la mbao, na khanga iliyochoka ikiwa pazia la kuzuia jua. Mimi nilikaa mlangoni, nauza barafu za ubuyu na kupokea sarafu.

Diski iliyokuwa haitoki mashineni ni Tekken 3, gemu ya kupigana. Wengi walimchukua Eddy Gordo, Mbrazili wa capoeira, kwa sababu ukibonyeza kitufe chochote yeye anarusha teke. Hakuna aliyejali amevaa nini. Baadaye kaka akaleta Tekken 4, ya mwaka 2001, na humo mateke yaleyale amepewa Christie Monteiro, msichana ambaye katika hadithi ya gemu alifundishwa na Eddy. Eddy tulimzoea na suruali yake pana. Christie akaja kifua kimefunikwa nusu na kiuno chote kiko nje. Ghafla benchi likajaa watu wasiolipa, wanatazama tu. Na kijana aliyemchagua ilibidi ajitetee: "Mimi nataka mateke yake tu." Wenzake wanamzomea. Nilikuwa mtoto, sina maneno ya kulieleza lile jambo, lakini niliona kwamba mwili mmoja umechorwa kwa ajili ya kupigana na mwingine kwa ajili ya benchi.

Siku hizi nachora mwenyewe. Nina kompyuta mpakato ya mtumba na programu ya Blender, ambayo ni ya bure, na vijana wa hapa hunijia wakitaka kutengeneza gemu ya simu yenye mtu wa kwao. Karibu wote huja na kosa nililolifanya mimi. Naliandika ili nipunguze kulirudia kwa mdomo.

Nilitaka kuchora binti wa Msangamkuu, wale wanaoteremka pwani bamvua maji yakitoka, wakachokoe pweza. Nikamtoa na kiuno cha nyigu, kipua kama ncha ya sindano, miguu mirefu na nywele zinazopepea. Shangazi yangu, ambaye naye alichokoa pweza mpaka magoti yalipomgomea, alitazama kioo cha simu kwa muda. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu alianza kuumwa lini?"

Nilinuna hadi usiku. Kisha nikajiuliza kile kiuno nilikitoa wapi, maana nyumbani kwetu hakuna mwenye nacho. Nilikiokota. Kila gemu niliyowahi kucheza ilikuwa na jibu lake kuhusu nani mzuri, na jibu hilo lilitoka kwa watu wa mahali fulani, waliokuwa wanamfikiria mnunuzi fulani. Japani walizoea kumpa shujaa wa kiume sura laini: Cloud wa Final Fantasy VII, mwaka 1997, ni kijana mwembamba mwenye nywele za miiba na upanga mkubwa kama yeye. Wamarekani mwaka 2005 wakamtoa Kratos wa God of War, kipara, mikono kama magogo, hasira tupu. Ukiwaweka pamoja hutasema wote ni majibu ya swali moja: mwanamume wa kutamaniwa kuwa kama yeye anafananaje? Serikali ya China nayo ikaingia: Septemba 2021 iliwaita watengenezaji wakubwa, Tencent na NetEase wakiwemo, ikawaambia waache kuchora wanaume "wa kikekike". Kumbe hata ulaini wa shavu la mwanasesere unaweza kufika serikalini.

Kwa wanawake ugomvi ni mkubwa zaidi, na wengi wenu mmeuona mitandaoni. Lara Croft wa Tomb Raider alizaliwa mikononi mwa wachoraji wa Derby, Uingereza, mwaka 1996, na kaptura yake na kifua cha pembetatu. Gemu ya 2013 ikamvalisha suruali, ikampa mwili wa mtu anayeumia akianguka. Abby wa The Last of Us Part II, 2020, alipewa mabega ya mbeba magunia, akatukanwa kwamba si mwanamke. Aloy wa gemu za Horizon, aliyechorwa Uholanzi, akaonekana ana vinyweleo shavuni katika gemu ya 2022, watu wakapiga kelele kana kwamba wao mashavu yao ni ya kioo. Wakorea mwaka 2024 wakatoa Stellar Blade, ambamo mwili wa shujaa wake, Eve, ulipimwa kwa mashine kutoka kwa mwanamitindo wa kweli, Shin Jae-eun, na kelele zikaanza upya kutoka upande wa pili, wa wanaolalamika kwamba mwanamke amechorwa kwa ajili ya benchi. Mimi pande zote mbili zinanichosha. Nampenda Chun-Li wa gemu ya kupigana ya Street Fighter tangu utotoni. Wajapani walimchora Mchina huyu mwaka 1991 akiwa mwanamke wa kwanza wa kuchezeka humo, na ni mzuri, na mapaja yake ni manene kwa sababu kazi yake ni mateke. Ukiyaangalia tu unajua atakupiga na nini. Uzuri wa namna hiyo sina ugomvi nao.

Nikachukua hapo ushauri wangu wa kwanza: anza na kazi. Mtu anayeinama majini saa nyingi, anayetembea juu ya mwamba wenye magamba ya chaza, anayerudi na ndoo ya pweza kichwani, ana shingo ya namna gani? Ana nyayo za namna gani? Nilimfutia yule binti kiuno nikamjengea mgongo.

La pili ni nguo. Wengi mnakimbia khanga mkidhani inaficha umbo na mtu atafanana na gunia. Ni kweli khanga mbili zilizoshuka hadi kifundoni zinasumbua: mguu unatoboa kitambaa kila akikimbia, na simu ndogo inakwama kukokotoa. Lakini mwanamke wa kwetu akiwa na kazi haachi khanga ining'inie. Anajifunga kibwebwe. Hapo umbo linaonekana hata ukimtazama kama kivuli cheusi tu, na mchezaji anajua huyu amejiandaa. Nywele vilevile. Nywele za kupakua bure nyingi ni za singa, na zinazopepea hula nguvu ya mashine. Twende kilioni ni mistari tu, unaipaka juu ya kichwa kama picha, unaiinua kidogo, imekwisha. Niliteseka wiki tatu na nywele zinazopepea kabla sijakumbuka kilichokuwa kichwani kwangu mwenyewe.

Wanaume msiwasahau. Kaka alikuwa anamlisha CJ, shujaa wa gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas, mpaka anakuwa na tumbo, kwa sababu kwake kitambi ni bosi, mtu aliyeuza korosho akalipwa. Gemu yenyewe ina kipimo cha mvuto, kinachopanda kwa nguo, nywele na gari; yeye alikuwa na kipimo chake.

Kosa langu la pili silisemi kwa furaha. Nilihitaji adui, mchawi wa kike. Nikamtia ndonya, kile kipande cha mti cha kuvaa kwenye mdomo wa juu uliotobolewa, na nembo, yaani chale za urembo, usoni, kwa sababu kwenye kioo vilitisha vizuri. Shangazi alipomwona hakufanya utani. Alisema, "Mama yake bibi yako alikuwa nayo hii. Posa zilikuja tatu." Halafu akanirudishia simu. Nilikuwa nimechukua urembo ambao Mmakonde alivumilia maumivu kuupata, nikaufanya alama ya ubaya, maana katika gemu nilizolelewa nazo mbaya huvikwa vitu vya watu wa mbali. Safari hii watu wa mbali tulikuwa sisi. Kwa hiyo kabla hujampa adui chale, hereni au kilemba, uliza kilikuwa cha nani na siku gani kilivaliwa.

Na nyie vijana mnaoona aibu kucheza na shujaa wa kike, kuna vinyago vya kiwiliwili vya Kimakonde, vya mti, vyenye matiti na tumbo la mjamzito lililojaa nembo. Aliyekuwa akivivaa ngomani ni mwanamume. Mchongaji alijua anamtengenezea mwanamume mwili wa mwanamke, na kwamba wanawake watakuwepo wakimtazama. Tumbo lile halikuchongwa kwa kubahatisha.

Ndiyo maana nasema usiwapelekee mchoro wacheza gemu wenzako kwanza. Watakuambia "kali", kwa sababu wameona zilezile ulizoziona wewe. Mpelekee mtu anayefanana na uliyemchora. Na usimuulize kama ni mzuri, maana kwa heshima atasema ndiyo. Muulize: huyu nani, na kwao ni wapi? Akitaja jina la mtu wa kweli, hapo umekaribia.

Binti yangu wa pweza nimemrudia mara sita. Juzi nilimpelekea shangazi akiwa na kibwebwe, twende kilioni, mashavu ya miguu yamejaa na nyayo pana. Aliivuta picha kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku.

"Huyu namfahamu kwao," akasema. "Lakini anakwenda pwani na ndoo yake iko wapi?"

Nimeshaanza kuichora. Mpini wake unanisumbua kidogo.