Ukiitwa mshamba mjini, lafudhi yako iache ilipo

Wiki hii kijana mmoja wa Newala kaniandikia. Yuko chuo Dar es Salaam, wenzake bwenini wanamwita mshamba, wa kuja, na wakichangamka sana, "mla panya". Anauliza afanyeje lafudhi imtoke.

Mdogo wangu, kwanza pole. Pili, usithubutu.

Mimi nilishuka Mbagala na boksi la kamba na kifurushi cha ming'oko, mizizi ya porini ya kwetu kusini, aliyonichemshia mama. Mchana kazini nikaitoa, nikawakaribisha wenzangu. Mmoja akaushika kwa ncha za vidole: "Kumbe watu wa kusini mnakula mizizi!" Wakacheka mpaka mama wa chai. Toka hapo nikiomba "nkate", ofisi nzima inaitikia "nkate". Nilikwenda chooni nikafungulia bomba ili nisisikike nikilia. Sijasahau, na wala sina haraka ya kusahau.

Msimu wa korosho bwana huyo akaletwa Tandahimba kikazi, mwenyeji wake mimi. Shambani akaokota korosho mbichi na ganda lake, akaitia menoni. Mafuta ya lile ganda yanaunguza. Midomo ikamvimba, ngozi ikambabuka. Bibi mwenye shamba hakumwita jina lolote. Alimletea maji, akamwambia, "Pole baba, hata wajukuu zangu huanza hivyo." (Mimi nilicheka, ila nyuma ya mkorosho.)

Bibi yule anatenga korosho za daraja la kwanza na la pili kwa kuzishika tu. Anapeleka chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, zinaingia ghalani, anasubiri mnada, na kila makato kwenye malipo yake anakueleza ni ya nini. Mshamba nani hapo?

Basi sikiliza. Usijichekeshe ukitaniwa, wala usigombane. Soma. Hujui daladala ipi inakwenda wapi? Uliza kwa sauti. Hao wanaokucheka, wengi babu zao wako Singida na Sumbawanga wanalima. Na hilo jina machinga wanalotaja kila wakinunua soksi, asili yake inasemekana ni vijana wa huku Lindi waliofuata riziki Dar. Jiji linavalia kwao mpaka leo! Soma, mdogo wangu. Nimeshasema? Narudia.

Ming'oko ukiletewa, ile mezani, mbele yao. Anayetaka kuonja mpe. Yule bwana siku hizi kila nikienda Dar ananiulizia nimembebea kiasi gani. Nambebea, lakini kidogo, na habari ya midomo lazima nimkumbushe.