Bakshishi ya masaji: kiasi gani, na umpe nani?

Dada, nimekuelewa: wifi yako amekulipia masaji ya saa nzima kwenye hoteli ya Capri Point, Mwanza, shilingi 60,000, nawe unaogopa kuonekana mchoyo au mshamba. Tulia, kwetu bakshishi si lazima. Ile asilimia 15 hadi 20 unayoisoma mtandaoni ni desturi ya Marekani. Japani hata hawana mazoea hayo. Mimi ningetoa 5,000, au 6,000, yaani asilimia 10, kama mkono wa mhudumu ni mzuri kweli. Piga hesabu kwa bei kamili hata kama umelipiwa au kuna punguzo, maana kazi ya mhudumu haikupungua.

Mpe mwenyewe, mkononi, ukishavaa. Ukiiacha kaunta, nani ajuaye kama itamfikia? Huna keshi, mtumie kwenye simu (na ya kutolea, tafadhali). Ila soma risiti kwanza: kama tozo ya huduma imo, asante inatosha.

Akikudai hela ukiwa bado umelala pale, au akianza kukutajia "huduma za ziada", vaa, toka, mwone meneja. Na kama una mimba, au mguu mmoja umevimba na unauma, daktari kwanza, masaji baadaye.