Koti la sukari la bakteria wa nimonia: jibu kwa dada wa Mbagala

Dada wa Mbagala uliyeuliza juzi, nimechelewa kwa sababu nilikuwa zamu ya usiku wiki nzima, ila swali lako sikulisahau. Ulisema mwanao wa mwaka mmoja na nusu ana kamasi zisizoisha, zikachukuliwa puani na kuoteshwa maabara, karatasi ikarudi imeandikwa Streptococcus pneumoniae, yaani bakteria wa nimonia. Muuza dawa akakwambia huyo bakteria "ana sukari", ukaacha kumtilia mtoto sukari kwenye uji, na sasa unataka kumpa amoksilini kwa mara ya tatu mwaka huu. Halafu ukauliza jambo ambalo wachangiaji wengi wamelipita: kama alichomwa chanjo zote tatu za nimonia kliniki, huyu mdudu kafikaje puani?

Nimefanya kazi maabara ya vijidudu hapa Dar kwa miaka 11, na huyu bakteria namfahamu vizuri. Naanza na hiyo sukari, maana ndiyo iliyokuchanganya, na ndiyo jibu la maswali yako yote.

Siyo sukari ya kwenye uji, wala haina uhusiano na ugonjwa wa sukari. Bakteria huyu hujitengenezea mwenyewe minyororo mirefu ya sukari na kujifunika nayo mwili mzima, kama mtu aliyevaa koti. Makoti hayo ni ya aina zaidi ya 100, na aina hutofautiana kwa sukari zilizomo na jinsi zilivyounganishwa. Aina ya 3, kwa mfano, ni glukosi na asidi ya glukuroniki zikipokezana kwenye mnyororo. Siku ya kwanza kuiona aina ya 3 nilidhani kuna mtu kadondosha maji kwenye sahani yangu. Juu ya agari ya damu, yaani jeli ya kuoteshea vijidudu, palikuwa na matone makubwa yanayong'aa, na nilipoyagusa kwa waya wa kitanzi yalivutika kama mlenda. Mwalimu wangu aliitambua kwa macho kabla hata ya kipimo. Mlenda ule wote ni sukari, dada. Uji wa mtoto mwachie.

Sasa koti linamsaidia nini puani? Njia ya hewa ya binadamu imepakwa ute, na chini ya ute kuna vinyweleo vidogo sana vinavyousukuma kuelekea kooni tuumeze. Chochote kinachonasa kwenye ute kinakwenda tumboni na kuishia huko. Ute wenyewe umejaa sukari zenye chaji hasi. Makoti mengi ya bakteria huyu nayo yana chaji hasi, na chaji zinazofanana husukumana, kwa hiyo anateleza bila kunaswa mpaka anafika kwenye ngozi laini ya ndani. Utafiti wa mwaka 2007 uliofanywa kwa panya ulilionyesha hilo: bakteria waliokosa koti walinaswa na ute na kuondolewa.

Lakini akishafika, koti lile lile linakuwa kizuizi, kwa sababu linafunika vishikizo vyake. Ukutani ana molekuli zenye kolini anazotumia kujishikiza kwenye seli zetu, na koti nene linazificha. Kwa hiyo hulipunguza. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walieleza kwamba bakteria wa ukoo mmoja hutoa makundi ya sura mbili ukiwatazama kwenye agari angavu: wengine wana ukungu, wengine wanapitisha mwanga. Wanaopitisha mwanga wana koti jembamba na vishikizo vingi, na hao ndio hukaa vizuri puani. Wenye ukungu wana koti nene, na hao ndio huhimili damuni, kwa sababu seli nyeupe zinashindwa kuwakamata ili kuwameza. Binafsi naona hiki ndicho kitu cha kuelewa kuliko vyote. Puani anaishi kwa utulivu akiwa na koti jembamba, na mara nyingi mtoto hana habari naye.

Ndiyo maana karatasi yako haimaanishi kwamba mtoto ana nimonia. Watoto wengi wadogo wanaye huyu puani, hasa wanaolala wengi chumba kimoja au wanaoshinda chekechea, na hukaa wiki kadhaa au miezi kisha anaondoka, pengine akaja wa koti jingine. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa pili kazini, katika maabara ambayo siitaji, nilisaini majibu ya kamasi kama haya bila kuandika kwamba ni mkazi wa kawaida wa pua. Mtoto wa watu akachomwa sindano siku saba. Mama yake alikuja kunishukuru dirishani, nikakosa la kumwambia. Linaniuma hadi leo, na ndilo limenifanya nikuandikie kwa urefu huu.

Umesema pia kamasi zilizidi baada ya mafua makali. Hapo napo kuna habari ya sukari, ila sasa ni za kwetu. Seli zetu za njia ya hewa zimevikwa sukari iitwayo asidi ya sialiki. Kirusi cha influenza kina kimeng'enya cha kuikata, na bakteria wetu naye ana cha kwake. Kirusi kikitangulia kukata, bakteria anapata chakula na sehemu mpya za kujishikiza, anaongezeka. Hivyo ndivyo mafua yanavyoweza kufuatiwa na kichomi, na ndiyo sababu mtoto mwenye mafua anatakiwa kutazamwa kwa karibu hata kama hahitaji dawa ya bakteria.

Nije kwenye chanjo. Ilizinduliwa hapa hapa Dar Desemba 2012, na Januari 2013 ikaingia kwenye ratiba ya watoto: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo iliyoingia ilibeba makoti 13. Mwili wa mtoto wa chini ya miaka miwili haufundishiki vizuri kwa sukari peke yake, ndiyo maana sukari hizo zimeunganishwa na protini inayotokana na sumu ya dondakoo isiyo na madhara. Mwili ukiitambua protini, unajifunza na koti. Basi mwanao amejifunza makoti 13 kati ya zaidi ya 100. Aliyekutwa puani huenda amevaa koti lisilokuwemo, na kwa kweli wale 13 wanapopungua, wenye makoti mengine huchukua nafasi zao. Na hata kwa makoti yaliyomo, chanjo inazuia zaidi bakteria kuingia damuni na kwenye uti wa mgongo kuliko kukaa puani. Kwa hiyo usiseme chanjo haikufanya kazi. Karatasi yako haionyeshi aina ya koti, na kuijua kunahitaji kipimo cha seramu, majimaji ya damu yenye kingamwili za aina fulani ya koti: ikikutana na koti lake, chini ya darubini unaliona kama limevimba pembeni mwa bakteria. Njia hiyo ni ya tangu 1902 na bado inatumika.

Kuhusu amoksilini, kaka aliyekushauri "mpe tu, haina madhara" sikubaliani naye hata kidogo. Ukimpa mtoto asiye na nimonia, unaua wanyonge puani na kuwaachia nafasi wale sugu, halafu siku akiugua kweli dawa inagoma. Sahani za namna hiyo nimezisoma, bakteria wameota mpaka ukingoni mwa kile kidonge chenye dawa tunachoweka juu ya sahani kuwajaribu.

Unachotakiwa kutazama ni pumzi. Mtoto akiwa ametulia, hesabu dakika nzima kwa saa ya simu: kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi ni haraka mno (wa miezi 2 hadi 11 ni 50). Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au amegoma kunyonya, amelegea, amepata degedege, usipitie duka la dawa, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Kama hakuna hayo na anacheza, msafishe pua kwa maji ya chumvi yaliyoandaliwa kwa ajili hiyo, anyonye, ale, na moshi wa mkaa uwe mbali naye.

Kamasi zikipita wiki mbili bila nafuu, au sikio likaanza kutoa usaha, mrudishe kwa daktari na hiyo karatasi mkononi, umwambie wazi kwamba sampuli ilikuwa ya puani, siyo ya damu. Ukimhesabu pumzi leo jioni, niandikie namba hapa, niko macho mpaka saa nne.