Sufuria ya shaba ya bibi: nisugue ndani au niache?

Swali: Shikamoo fundi. Bibi yangu ameniachia sufuria ya shaba nyekundu na dele la kahawa. Nje vyote vimekuwa vyeusi, na dele lina ukijani shingoni. Sufuria kwa ndani ni ya kijivu, ila katikati pamechubuka na wekundu unaonekana. Nilianza kuisugua kwa waya wa chuma ili na ndani kung'ae, dada yangu akanizuia. Nani kati yetu ana haki? Na je, naweza kuipikia mchuzi wa samaki wa ukwaju? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba. Mshukuru dada yako, kisha huo waya uutupe. Hicho cha kijivu ulichokuwa ukikisugua si uchafu, ni bati, na bila hilo sufuria ya shaba haifai kwa mapishi ya kila siku. Bati likizeeka hupoteza mng'aro na kufifia kama wingu la mvua. Acha lififie, halina madhara. Kwa ndani loweka maji ya uvuguvugu na sabuni, toa ukoko kwa sifongo au mwiko wa mti, basi.

Nikisema bati simaanishi mabati ya paa. Yale ni chuma kilichopakwa zinki. Langu ni bati lenyewe, madini laini meupe.

Nje sasa, hapo sugua utakavyo, lakini si kwa waya wala mchanga. Kata ndimu, ichovye kwenye chumvi, pitisha. Kwa sufuria kubwa ukwaju ni bora zaidi kwa sababu haumwagiki: ulainishe kwa maji ya moto kidogo, paka ule uji wake, ngoja dakika mbili tatu. Utaona weusi unayeyuka wenyewe na wekundu unatokeza kama ngozi mpya. Suuza, kisha kausha kwa kitambaa papo hapo, maana tone la maji likikaukia juu ya shaba huacha doa. Dele lako likiwa la shaba ya njano, usiliache na ndimu muda mrefu. Shaba ya njano ina zinki ndani yake, na asidi huitoa zinki hiyo. Dele likabaki na mabaka ya waridi ambayo huyaondoi kirahisi.

Sasa rudi kwenye mchuzi wako. Asidi iliyokula weusi wa nje ndani ya dakika mbili ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye mchuzi wa ukwaju, tena humo ni ya moto na inatokota nusu saa nzima. Ikikuta wekundu uliochubuka, shaba inaingia kwenye chakula, na shaba ikizidi tumboni huleta kichefuchefu, kutapika na kuhara. Kanuni ya mfano ya usalama wa chakula ya Marekani hairuhusu shaba iguse chakula chenye pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) chini ya 6. Nyanya, ndimu, siki na ukwaju vyote viko chini ya hapo. Kwa hiyo jibu ni hapana, mpaka sufuria itiwe bati upya. Doa dogo kama punje ya mtama nisingelikimbilia fundi, ila wekundu ukifikia ukubwa wa sarafu, na tena uko katikati panapokaa mchuzi, muda wake umefika.

Ukienda kwa fundi, muulize anatia nini. Wapo wanaochanganya madini ya risasi kwa sababu ni ya bei rahisi, na risasi ni sumu. Mwombe kipande cha lile bati lake, kikunje karibu na sikio. Bati safi hulia, kasauti kama ka kijiti kinachopasuka. Risasi hainung'uniki.

Ikisharudi, kumbuka nambari moja: 232. Hizo ndizo nyuzi za Selsiasi ambazo bati huyeyuka, na sufuria tupu juu ya jiko la mkaa hufika hapo upesi kuliko unavyodhani. Nilipokuwa mwanagenzi niliweka sufuria ya mteja motoni nikaenda kutafuta mafuta. Niliporudi bati lilikuwa limekusanyika upande mmoja, matone yanang'aa kama zebaki. Kazi ya asubuhi nzima nikairudia bila malipo. Kwanza maji au mafuta, kisha moto, na karanga ukazikaangie kwenye chombo kingine.

Dele nalo lina habari yake. Ule ukijani ni kutu ya shaba. Usiuache uingie kwenye kahawa. Utoe kwa ndimu na chumvi, suuza mara mbili tatu, halafu mulika ndani kwa tochi, hasa pale mdomo unapoungana na tumbo. Kahawa nayo ina asidi, kwa hiyo dele pia hutiwa bati ndani, na kahawa isilale humo usiku kucha. Ukiona kiungo cha mdomo kina lehemu ya kijivu iliyovimba na hujui ni ya lini, usilitumie kwanza: lehemu nyingi za zamani zina risasi. Lipeleke pamoja na sufuria, fundi aiondoe na kuunga upya kwa isiyo na risasi.