Gurudumu la Pikipiki Linapolia: Chunguza Sauti Inafuata Nini

SWALI: Ndugu Fundi, nimenunua pikipiki iliyokwisha kutumika, ya cc 125, yenye breki za dramu mbele na nyuma, nami ni mgeni kabisa katika vyombo vya moto. Hivi karibuni upande wa gurudumu la nyuma umeanza kutoa sauti ya "kra, kra" inayozidi ninapoongeza mwendo. Fundi wa kijiweni amenishauri nibadilishe beringi (ringi zenye gololi ambazo gurudumu huzungukia) pamoja na cheni, ingawa hakuigusa pikipiki. Nitajuaje tatizo lilipo kabla sijatoa fedha?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, huenda fundi huyo amepatia, lakini ushauri unaotolewa kabla gurudumu halijainuliwa ni wa kubahatisha, na anayelipia kubahatisha huko ni wewe. Sauti ya pikipiki hufuata kitu fulani, kiwe ni mzunguko wa injini, wa gurudumu, wa cheni, au mguu wako unapokanyaga breki, na kutambua inafuata kipi hakuhitaji hata spana moja.

Tafuta barabara tulivu na iliyonyooka, endesha kwa kilomita 30 hivi kwa saa, kisha shika klachi na uachie mafuta ili injini ishuke huku pikipiki ikiendelea kuserereka yenyewe. Sauti ikishuka pamoja na injini, gurudumu halihusiki. Ikibaki vilevile na kupungua taratibu kadiri mwendo unavyopungua, shuku gurudumu, cheni au breki. Ukiwa bado unaserereka, gusa breki ya nyuma kidogo tu: sauti inayobadilika papo hapo mara nyingi hutokana na breki shuu (vipande vinavyosugua dramu kwa ndani) zilizolika au vumbi lililojikusanya ndani ya dramu, yaani kikombe cha chuma kilicho katikati ya gurudumu.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda zaidi, nayo hugharimu kipande cha chaki. Zima injini, weka gia frii, chora mstari ubavuni mwa tairi, kisha mwombe mwenzako aisukume pikipiki polepole nawe ukitazama na kusikiliza. Tairi la 2.75-17, kwa mfano, huzunguka mara moja katika takriban mita 1.8, hivyo kwa mwendo wa kutembea utaweza kuhesabu bila taabu. Sauti ikitokea kila mara mstari unapofika mahali palepale, tafuta kitu kilicho sehemu moja ya gurudumu, kama msumari au jiwe lililonasa kwenye kashata za tairi (vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara), au spoki iliyolegea. Spoki zigonge moja moja kwa spana ndogo. Zilizokaza hulia kwa sauti nyembamba, na iliyolegea hutoa mlio mzito uliofifia. Lakini sauti ikiwa inatokea kila baada ya mizunguko miwili na zaidi, huku mstari ukiwa mahali tofauti kila mara, hiyo ni cheni. Sproketi ya nyuma (duara la meno linaloshika cheni) yenye meno 42 ikivutwa na cheni ya vipande 112, gurudumu huzunguka karibu mara 2.7 ndipo cheni ikamilishe mzunguko wake mmoja. Hapo beringi mpya hazitakusaidia chochote, kwa kuwa kuna kiungo cha cheni kilichokaza au kilichovunjika roli, yaani kile kipande cha mviringo kinachokaa kati ya meno ya sproketi.

Beringi iliyochoka kwa kawaida haihesabiki hivyo. Hutoa mngurumo mfululizo unaopanda pamoja na mwendo. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, shika tairi juu na chini, kisha livute na kulisukuma kwa zamu. Likicheza, tazama kama mkono wa chuma unaolibeba nao unacheza, maana hapo kasoro inaweza kuwa kwenye bushi (vipande vya mviringo vya maungio) za mkono huo. Uthibitisho kamili hupatikana gurudumu likiwa limefunguliwa: ingiza kidole ndani ya beringi na uizungushe. Inapaswa kuteleza kimya. Ukihisi inakwaruza au kukwamakwama, imekwisha.

Dukani taja namba iliyochongwa kwenye beringi yenyewe, usitaje jina la pikipiki tu. Namba 6301, kwa mfano, ina tundu la milimita 12, kipenyo cha nje cha milimita 37 na unene wa milimita 12, na herufi 2RS huonyesha kwamba ina sili za raba pande zote mbili. Simama karibu fundi anapozifunga. Beringi hugongwa kwenye ringi yake ya nje, kamwe si ya ndani, na bushi ndefu ya katikati, lile bomba linalokaa kati ya beringi mbili, isisahaulike, kwani bila hiyo kukaza nati ya ekseli (chuma kinachopita katikati ya gurudumu) huziminya beringi mpya hadi zife mapema. Pikipiki nyingi zina beringi nyingine kwenye kikombe kinachobeba sproketi, nayo husahauliwa mno.

Usipeleke mkono kwenye cheni wakati injini inawaka, hata kwa kupaka mafuta tu. Vidole vingi vimekatika hivyo.

SWALI: Breki yangu ya mbele, ya dramu, hukwaruza asubuhi baada ya mvua ya usiku. Je, ni hatari?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ikinyamaza baada ya kufunga breki mara chache, ni kutu nyepesi tu iliyokuwa ikisuguliwa. Isiponyamaza, tazama mshale mdogo ulio nje ya kifuniko cha dramu, kama pikipiki yako inao, huku umeshika breki. Ukifika kwenye alama ya mwisho, badilisha breki shuu hata kama breki bado zinakamata.