Panga bakapu kuanzia siku ya hasara: kwa wanaoanza kutunza kompyuta za maduka Nairobi

Ukiajiriwa kutunza kompyuta za duka la vipuri pale Kirinyaga Road, duka la dawa Eastleigh au ofisi ndogo ya wakili Ngara, utaonyeshwa diski iliyochomekwa nyuma ya kompyuta na kuambiwa, "Bakapu iko," yaani nakala za akiba za data zipo. Iache kwanza hiyo diski. Keti na mwenye biashara umwulize mambo mawili. Kompyuta hii ikiibwa usiku wa leo, uko tayari kuandika upya kazi ya muda gani? Na duka litaendelea bila mfumo kwa muda gani kabla wateja hawajahamia kwa jirani?

Jibu la kwanza ndilo linaloamua nakala zichukuliwe kila baada ya muda gani. Akisema nusu siku, nakala ya Ijumaa kwa Ijumaa haimfai. Anahitaji moja saa saba mchana na nyingine kabla ya kufunga. Jibu la pili linaamua vifaa. Kununua kompyuta, kuweka Windows, programu ya mauzo, leseni yake na draiva ya printa ya risiti hula siku nzima hata kwa fundi mwepesi. Asiyeweza kungoja siku nzima awe na mashine ya pili iliyokwisha kutayarishwa, hata kama ni laptopu ya zamani.

Kisha orodhesheni pamoja data ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Taarifa za Till ya M-Pesa zinapatikana Safaricom, za benki ziko benki, na ankara zilizotumwa kupitia eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, ziko kwa KRA. Lakini madeni ya wanaochukua mali kwa mkopo, hesabu ya stoki, bei za kununulia na faili za wateja ziko kwenye kompyuta hiyo tu. Zikipotea, anayedaiwa elfu themanini atakumbuka elfu ishirini. Anza nazo, hata kama bajeti haijatosha kwa mengine. Usifute nakala za miaka ya nyuma ili kupata nafasi: Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

Kanuni inayotumika kote ni ile ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 kati yake ikae mahali pengine. Hapa kwetu hiyo ya mwisho ndiyo hupuuzwa zaidi, na ndiyo huokoa. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia maduka na nyumba nyingi za Nairobi. Mwizi naye hachagui, hubeba kompyuta pamoja na diski iliyochomekwa. Duka la rafiki kwenye jengo hilohilo si mahali pengine. Moto mmoja unamaliza yote mawili.

Mpango unaofanya kazi kwa duka dogo ni diski mbili zilizoandikwa A na B. Moja hutumika wiki hii, nyingine iko nyumbani kwa mwenye duka, na kila Ijumaa zinabadilishwa. Kwa kuwa diski itasafiri kwenye mkoba ndani ya matatu, ifunge kwa BitLocker, kifungio cha Windows kinachofanya data isisomeke bila nywila. Kufunga kunahitaji Windows Pro. Windows Home haiwezi kuifunga, ila inaweza kuifungua kwa nywila. Chapisha ule ufunguo wa akiba wa tarakimu 48 na uuweke mbali na diski zote mbili. Ukipotea pamoja na nywila, data imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Unaponunua diski au flashi Luthuli Avenue, ipime kabla ya kuiamini. Kuna zinazojitangaza kuwa na terabaiti 1 ilhali uwezo wake wa kweli ni sehemu ndogo tu. Zinapokea faili bila kulalamika, halafu zinaandika juu ya zile za mwanzo. Programu ya bure ya H2testw hujaza diski nzima kisha huisoma tena. Inachukua saa nyingi. Iache ifanye kazi usiku.

Sasa nakala yenyewe, ambapo wengi huharibu. Programu nyingi za mauzo hutunza data kwenye SQL Server Express, toleo la bure la mfumo wa hifadhidata wa Microsoft. Usinakili faili ya .mdf, ambamo data yenyewe imo, kwa mkono: mfumo ukiwa wazi, faili imefungwa na Windows itakataa, na kifaa kinacholazimisha kuisoma hivyohivyo kinaweza kukupa nakala isiyofunguka. Agiza SQL Server yenyewe itoe faili ya .bak, yaani faili ya bakapu. Toleo la Express halina ratiba ya ndani, kwa hiyo andika amri yako ya sqlcmd, chombo cha kuipa SQL Server maagizo, kisha iweke kwenye Task Scheduler, programu ya ratiba iliyomo ndani ya Windows.

Makosa manne hujirudia hapo. La kwanza ni ruhusa: anayeandika ile faili ni huduma ya SQL Server, wala si wewe uliyeingia kwenye kompyuta, na folda isiyompa ruhusa itarudisha kosa nambari 5. La pili ni jina la faili. Ukitumia jina moja kila siku bila neno INIT kwenye amri, kila nakala huongezwa ndani ya faili ileile mpaka diski ijae. Ukiweka INIT, ya leo inafuta ya jana. Tia tarehe kwenye jina, ubaki na nakala 7 za siku, 4 za wiki na 12 za mwezi. La tatu ni saa. Fundi hupanga kazi ifanyike saa tano usiku, na duka huzima stima kwenye swichi kuu jioni. Ratiba inaonekana nzuri kwenye skrini, lakini hakuna nakala hata moja. Panga saa ambazo mtu yupo dukani. La nne ni laptopu: kwa kawaida Task Scheduler haianzishi kazi ikiwa laptopu iko kwenye betri, hivyo ondoa alama kwenye chaguo hilo.

Kwa faili za kawaida, robocopy, amri ya Windows ya kunakili folda, inatosha, ila ogopa chaguo lake la /MIR. Hiyo hufanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, pamoja na yaliyofutwa. Mtu akifuta folda asubuhi, jioni imefutwa kwenye bakapu pia. Google Drive iliyounganishwa na kompyuta ina hatari hiyohiyo, na kapu lake la taka hutunza vitu siku 30 tu. Virusi vinavyofunga faili na kudai pesa, kama WannaCry ya Mei 2017, hufika pia kwenye diski iliyochomekwa. Ichomoe nakala ikimalizika.

Wingu, yaani kuhifadhi kwa intaneti, ni zuri kama nakala ya tatu, lakini piga hesabu kwanza. Gigabaiti 100 kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde ni takriban saa 44, laini isipokatika. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima. Duka ambalo nakala yake pekee iko wingu hungoja.

Stima ikikatika katikati ya kuandika, hifadhidata inaweza kuharibika, basi UPS, betri inayoshikilia kompyuta stima ikipotea, ni sehemu ya kazi hii. Unganisha waya wake wa USB ili kompyuta ijizime yenyewe, iweke na ruta hapo, na usichomeke printa ya leza upande wa betri. Inavuta umeme mwingi mno.

Kila miezi mitatu, rejesha nakala kwenye mashine nyingine huku ukipima muda. Amri ya SQL Server ya RESTORE VERIFYONLY inaonyesha tu kwamba faili inasomeka. Fungua mfumo, tazama salio la wadaiwa watatu na ulinganishe na duka. Hapo ndipo utagundua kwamba toleo la SQL Server la mashine hiyo ni la zamani kuliko lililotoa nakala, kwa hiyo inakataa, au kwamba nywila ya hifadhidata anaijua muuzaji wa programu peke yake. Weka programu za kusakinisha na leseni pamoja na nakala.

Usisahau simu ya mwenye duka, maana inanyakuliwa mjini kila siku na ndiyo inayopokea namba za kuingilia akaunti. Google hutoa namba 10 za akiba za kuingilia akaunti simu isipokuwepo. Zichapishe, uzifungie pamoja na ule ufunguo wa BitLocker. Kwenye karatasi hiyohiyo andika nani anapigiwa kwanza, diski iko kwa nani, na hatua za kurejesha kwa mpangilio. Ongeza mstari mmoja wa sheria: data za wateja zikiingia mikononi mwa mwizi na kukawa na hatari ya kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua.