Jedwali limejaa, nilikate wapi?

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Nafanya kazi yadi ya kontena huku Changamwe, mimi ndo naangalia databesi ya geti, inaendeshwa na programu ya PostgreSQL 15. Kila kontena ikiingia au ikitoka inaandikwa, saa hii rekodi zishafika kama milioni 80 na ripoti ya mwezi inakaa mpaka bosi anakuja kusimama nyuma ya kiti changu. Juzi nimefuta data ya 2018, imekula usiku mzima na diski haijapungua hata kidogo. Mwenzangu ananiambia nigawe jedwali vipande vipande (partitioning) kwa namba ya kontena. Nigawe?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kugawa gawa, ila namba ya kontena wachana nayo. Ripoti unatoa kwa mwezi, data kuukuu unatupa kwa mwaka, yani mambo yako yote yanakwenda na tarehe, basi kata kwa tarehe ya geti, kila mwezi kipande chake. Ukiuliza Machi inafunguliwa Machi peke yake. Ukikata kwa namba, hiyo Machi imetapakaa kila kipande na utakuwa hujafanya kitu.

Sasa hapa ndo watu huumia. Kuna mtu kagawa vizuri kabisa halafu ripoti ikawa nzito vilevile, kuangalia kaandika to_char(tarehe_geti, 'YYYY-MM') = '2024-03', yani kaigeuza tarehe kuwa maandishi kwanza. Kolamu ukiifungia ndani ya fankshoni hivyo databesi haijui iruke kipande kipi, inapitia vyote. Andika tarehe_geti >= '2024-03-01' AND tarehe_geti < '2024-04-01', kolamu ibaki wazi. Na kipande cha Machi chenyewe kiishie '2024-04-01', manake mpaka wa juu hauhesabiwi, ukiweka tarehe 31 kontena za siku hiyo hazina pa kuingia.

Ile diski usishangae, amri ya kufuta, DELETE, huziwekea rekodi alama tu kuwa zimekufa, nafasi hutumika tena baadaye lakini faili kwa kawaida halipungui. Ukishagawa, kipande cha zamani unakichomoa (DETACH), unaweka bekapu, unakiangusha kizima (DROP), sekunde chache tu na nafasi inarudi.

Jedwali la sasa haligeuzwi hapohapo, unda jipya uhamishe mwezi mmoja mmoja, na ufunguo mkuu (primary key, kile kinachotambulisha kila rekodi) lazima uwe na tarehe_geti ndani yake, id peke yake, yani namba ya rekodi, itakataliwa. Halafu tafadhali sana, vipande vya mbele PostgreSQL haikuundii yenyewe, weka skripti iunde vya miezi mitatu kabla, la sivyo tarehe mosi usiku lori limesimama getini na rekodi haiingii.